Maumivu yamepoa, paja limebaki jembamba: ninavyorudisha nyama ya mguu baada ya miaka 3

Mpanda_Ngazi (mleta uzi)

Wadau, habari za jioni. Uzi ni mrefu, niwieni radhi. Mwaka jana nilitafuta maelezo kama haya kwa Kiswahili nisiyapate, na najua siko peke yangu.

Mimi ni mwanamume wa miaka 41, naishi Umoja, nafanya kazi ya hesabu kwenye ghala moja Industrial Area. Kwa miaka 3 nimeishi na maumivu ya kiuno yanayoshuka hadi mguu wa kulia. Hayakuanza kwa ajali wala kwa kubeba mzigo. Yalianza wiki tuliyomzika baba. Nilikuwa kwenye matatu narudi mjini kutoka mazishini, nikadhani ni kiti tu.

Nikapigwa picha ya MRI, ripoti ikasema diski mbili, yaani mito laini iliyo kati ya pingili za uti wa mgongo, zimetuna. Aliyenisomea aliniambia mgongo wangu ni wa mzee wa miaka 70: nisibebe kitu, nisiiname, nisipande ngazi bila sababu. Maneno hayo ndiyo yaliyoula mguu wangu. Nilihama ghorofa ya 4 nikakodi chumba cha chini. Maji nikawa naletewa mlangoni na kijana wa mkokoteni. Kuvuka Barabara ya Outering nilikuwa nalipa boda ili nisipande lile daraja la waenda kwa miguu. Nikiketi, nainuka kwa mikono, uzito wote nauweka mguu wa kushoto. Kila moja ya hatua hizo niliiona ni busara.

Aliyegundua ni fundi cherehani. Nilimpelekea suruali apunguze kiuno, akanitazama nimesimama akauliza mbona mguu mmoja unaelea ndani ya nguo. Nikamwomba utepe wake. Juu ya goti kiasi cha shibiri moja, kulia sentimita 44, kushoto 48.5. Nilirudi nyumbani nikalia, sina aibu kusema.

Sasa maumivu yenyewe. Baadaye nilikutana na daktari wa hospitali ya umma aliyenipima kwa mikono yake badala ya kutazama picha pekee: nyundo ya goti, nguvu ya vidole, hisia za ngozi. Hakuona dalili kwamba mshipa wa fahamu umebanwa. Akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: kuna siku hayaumi? Nikakumbuka harusi ya binamu yangu Machakos. Nilicheza kuanzia alasiri hadi giza likaingia, sikusikia kitu. Jumatatu yake, kuteremka tu kwenye matatu hapo Muthurwa nikashika nguzo kwa maumivu. Akasema, mgongo uliovunjika haujui tofauti ya harusi na Jumatatu.

Alinieleza hivi. Ubongo ni kama mlinzi wa ploti aliyewahi kuvamiwa usiku. Tangu siku hiyo anapiga firimbi hata paka akipita juu ya bati. Firimbi ni ya kweli, inaamsha ploti nzima, lakini mwizi hayupo. Ukimtimua paka kila siku, ukafunga kila dirisha, mlinzi anazidi kuamini kuna hatari. Kilichonituliza zaidi ni kujua kwamba mwaka 2015 watafiti walikusanya picha za watu 3,110 wasioumwa mgongo kabisa, na katika umri wa miaka 40 nusu yao walikuwa na diski zilizotuna kama zangu. Wanatembea nazo na hawajui.

Yalichukua miezi mingi, lakini yamepungua sana. Na hapo ndipo nilipokwama, na ndiyo sababu ya uzi huu. Maumivu yalipungua, mguu haukurudi. Nikishuka ngazi goti la kulia linatetemeka. Likitetemeka naogopa. Nikiogopa, kiuno kinaanza. Nilisubiri miezi 5 nikisema acha maumivu yaishe kabisa ndipo nifanye mazoezi. Mguu ukaendelea kukonda huku nikisubiri.

Nimekuja kuelewa kwamba haya ni mambo mawili. Firimbi ya mlinzi ni ya ubongo, hutulizwa kwa kuonyeshwa usalama. Wembamba wa paja ni wa misuli, na misuli haijui maneno ya kutuliza. Inajua mzigo tu. Sasa niko wiki ya 9 ya kuubebesha mzigo. Nitaeleza, ila kwanza nisikie kama kuna mwenzangu hapa.

Dereva_wa_Usiku

Pole sana kaka. Nimesoma hadi mwisho. Ila sehemu moja imenikera kidogo. Unaposema ni ubongo, si unatuambia tunaumwa akilini? Mimi nimeambiwa hivyo na watu wa nyumbani kwangu. Nimelala sakafuni usiku kucha nikiuma shuka, halafu mtu ananiambia unafikiria sana.

Mpanda_Ngazi

Ndugu yangu, sikuambii hivyo hata kidogo. Nami nimeambiwa maneno hayo na yaliniumiza kuliko kiuno. Maumivu yako ni ya kweli kama ya mtu aliyevunjika mfupa. Maumivu yote, hata ya mfupa uliovunjika, hutengenezwa na ubongo. Swali ni je, sasa hivi kuna kidonda kinachoyaleta, au ni mfumo wa tahadhari uliobaki umewaka? Hilo la pili si uwongo, si uvivu, wala si wazimu. Waliokuambia unafikiria sana walitumia maneno yanayofanana na haya kukufunga mdomo. Daktari wangu aliyatumia kunifungulia mlango.

Fizio_Eastlands

Nimefanya kazi ya fiziotherapia miaka kadhaa, naomba niongeze. Jumuiya ya kimataifa ya utafiti wa maumivu, IASP, iliyapa jina rasmi mwaka 2017 maumivu ya namna hii, yanayotokana na mfumo wenyewe wa kuchakata maumivu kubadilika, bila ushahidi wa jeraha jipya wala ugonjwa wa mishipa ya fahamu. Kwa hiyo si habari za mitaani. Na mwaka 2021 yalichapishwa majaribio ya Colorado kwa watu 151 wenye maumivu sugu ya mgongo. Kundi moja lilifundishwa kwa wiki 4 kuyatazama maumivu yao kama ishara isiyo ya hatari. Kati ya watu 50 wa kundi hilo, 33 walimaliza wakiwa hawana maumivu au karibu hawana. Waliotibiwa kama kawaida walikuwa 5 kati ya 50. Wengi wao maumivu yao yalikuwa ya kiasi, hawakuwa watu waliolazwa, kwa hiyo tusiahidi kila mtu hayo.

Lakini hapa lazima nipaze sauti, maana wengi watasoma uzi huu wakajitibu. Mguu MMOJA ukikonda, usianze na mtungi wala ngazi. Anza kwa kupimwa. Mshipa uliobanwa kweli nao hukondesha mguu. Ukiona unyayo unaburuta na huwezi kutembea kwa visigino, ganzi sehemu unayokalia ukipanda baiskeli, mkojo au choo kikikataa au kikitoka bila idhini yako, udhaifu unaoongezeka wiki kwa wiki, homa, kukonda mwili mzima bila sababu, au uliwahi kuwa na saratani, nenda hospitali. Hiyo ya ganzi pamoja na mkojo ni ya siku hiyo hiyo, usingoje Jumatatu. Shavu la mguu mmoja likivimba, likawa na joto na kuuma, hilo nalo laweza kuwa damu iliyoganda, usilikande, nenda upimwe. Kaka mleta uzi alipimwa kwanza. Fuateni hapo.

Mpanda_Ngazi

Asante sana dada. Ningeandika hilo juu kabisa.

Basi nieleze nilivyofanya. Sikwenda jimu. Nilikuwa naogopa macho ya watu na pia sikuwa na hela ya uanachama. Nilianza na kiti cha jikoni. Kuketi na kusimama bila kushika, mara 6, napumzika, mara 6, napumzika, mara 6. Siku ya kwanza nilishindwa ya 5 ya raundi ya pili. Nikaweka mto juu ya kiti ili kiwe kirefu, nikaweza. Wiki ya pili nikautoa mto. Wiki ya tatu nikaanza kupanda kidato kimoja cha ngazi kwa mguu wa kulia pekee, kushuka polepole nikihesabu hadi 3. Kuinuka kwa vidole vya miguu nikiwa nimeshika nguzo ya ngazi, kwa ajili ya shavu la mguu.

Kisha mtungi. Hapa Nairobi kila nyumba ina mtungi wa maji, na lita moja ni kilo moja, kwa hiyo una vyuma vya mazoezi vinavyopimika kabisa. Lita 5 mbele ya kifua nikiketi na kusimama. Halafu lita 10. Sasa nainua mtungi wa lita 20 kutoka sakafuni, magoti yamekunjwa, mara 8. Siku ya kwanza nilipouinua mikono ilitoka jasho kabla hata sijaushika. Mtungi ule ule niliokatazwa miaka 3.

Nafanya Jumatatu, Jumatano na Jumamosi. Nikifika mara 12 kwa raundi zote 3 na bado nahisi ningeweza 2 zaidi, naongeza maji. Sheria yangu moja ni kwamba mguu wa kulia ndio unaoanza na ndio unaoamua idadi. Wa kushoto ukiachiwa, utafanya kazi yote kama ulivyozoea.

Mama_Wawili

Kaka, nimefurahi kusoma. Swali langu ni dogo lakini linaninyima usingizi. Siku inayofuata baada ya mazoezi, unajuaje kama ni misuli imechoka au ni yale maumivu yenyewe? Mimi hapo ndipo ninapoacha kila mara. Nafanya siku mbili, naamka naumwa, nasema nimejiharibu, naacha mwezi mzima.

Mpanda_Ngazi

Dada, swali hilo si dogo hata kidogo, ndilo lililonirudisha nyuma mara tatu.

Nilivyojifunza ni kwamba maumivu ya misuli iliyofanya kazi huchelewa. Hayaji unapoinua mtungi, huja kesho yake, hukolea siku ya pili, kisha siku ya tatu au ya nne yanapungua. Yanakaa pale pale ulipopafanyisha kazi, paja la mbele au matako. Ukipabonyeza panauma, ukitembea kidogo panalegea. Yale ya zamani kwangu yana tabia nyingine. Yanahama. Leo kiuno, kesho nyonga, keshokutwa mguu wa kushoto ambao sikuutumia. Yanakuja Jumapili jioni nikikumbuka kazi. Yanakuja hata nikifikiria tu mazoezi, kabla sijafanya.

Ila nikuambie ukweli, kuna siku zinachanganyika, siwezi kutofautisha. Siku hizo sijilazimishi kujua. Najiuliza kitu kimoja tu: mguu una nguvu ile ile ya juzi? Nikiweza kuketi na kusimama mara 6 kama juzi, basi hakuna kilichovunjika.

Wiki ya 5 yalirudi kama siku ya kwanza. Ilikuwa wiki ya wakaguzi wa hesabu kazini. Nilishindwa kuvaa soksi. Miaka ya nyuma ningelala siku 10. Safari hii nilifanya nusu: mara 3 badala ya 6, bila mtungi, polepole, mlango nimefunga nikizungumza na mwili wangu kwa sauti kwamba tuko salama. Sikuongeza, sikuacha. Siku ya 6 yalipungua. Kutoacha kabisa kumenisaidia kuliko zoezi lolote, kwa sababu mlinzi aliona firimbi imepigwa na mwenye nyumba hakukimbia.

Fizio_Eastlands

Mama_Wawili, niongeze hapo. Kosa la wengi ni kufanya sana siku njema na kulala siku mbaya. Anza na kiwango ambacho hata siku mbaya unakiweza. Ukikiona ni kidogo mno, hicho ndicho sahihi kwa wiki mbili za kwanza.

Na msitegemee utepe mapema. Wiki za mwanzo nguvu huongezeka kabla nyama haijaongezeka, kwa sababu mishipa ya fahamu inajifunza upya kuamsha nyuzi za misuli zilizolala. Unene unaoonekana kwa utepe huchukua miezi. Nimeona watu wakipima kila Ijumaa na kukata tamaa huku miguu yao inazidi kupata nguvu.

Karani_Mstaafu

Vijana, mimi nina swali la upande wa pili. Kwa nini msitembee tu? Au baiskeli? Maisha yangu yote nimetembea kutoka Makadara hadi mjini, sijawahi kunyanyua mtungi kwa makusudi.

Mpanda_Ngazi

Mzee wangu, kutembea ni kuzuri na ninatembea. Lakini kwangu hakukutosha, na nikaja kujua sababu. Kule Copenhagen watafiti walifunga mguu mmoja wa watu wenye afya kwa wiki 2 tu. Vijana walipoteza karibu theluthi moja ya nguvu ya mguu huo. Wiki 2! Kisha wakaendesha baiskeli kwa wiki 6, na bado nguvu haikurudi yote. Pumzi ilirudi, nguvu ikabaki nyuma. Mguu wangu ulifungwa na woga kwa miaka 3. Unahitaji mzigo unaoufanya utetemeke kidogo, ndipo unajua unatakiwa.

Mama_Wawili

Na mimi nina mama yangu, ana miaka 72, anaishi nasi hapa Kayole. Goti lilimuuma, akaacha kutembea, sasa miguu imekuwa kama ya mtoto. Hospitali wamemwona, wakasema goti limechakaa kidogo, afanye mazoezi. Yeye anasema umri wake umepita. Naye anaweza kweli?

Fizio_Eastlands

Anaweza. Mwaka 1990 huko Boston walichukua wazee 10 dhaifu wa makao ya wazee, wastani wa umri miaka 90. Wakawapa mazoezi ya uzito kwa wiki 8. Tisa walimaliza, na nguvu ya mapaja iliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Nyama ya paja ikaongezeka asilimia 9. Hao walikuwa na miaka 90, mama yako ni kijana kwao. Mwanzishe na kiti kirefu chenye mikono, kiegemee ukuta, wewe simama kando yake. Kuketi na kusimama mara 3, asubuhi baada ya chai. Akiwa na presha, asibane pumzi akiinuka, ahesabu kwa sauti, mtu anayehesabu habani pumzi.

Dereva_wa_Usiku

Na chakula? Huku mtaani tunaambiwa ununue unga wa protini wa mikebe. Bei yake inatisha.

Mpanda_Ngazi

Sijawahi kuununua. Wanaofanya mazoezi ya uzito wanashauriwa kama gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mimi nina kilo 70, ingekuwa gramu 112. Sifiki kila siku, nasema wazi. Mayai 3 ni kama gramu 18, maziwa nusu lita 16, kikombe cha ndengu zilizoiva 14, cha maharagwe 15. Omena jioni mara nne kwa wiki, zimenisaidia sana maana ni protini nyingi kwa hela kidogo. Zamani nilikuwa nakunywa chai na mandazi hadi saa nane mchana, halafu nashangaa mguu haujengeki. Nimehamisha mayai asubuhi, ndengu mchana kwenye kibanda. Mwenye shida ya figo aulize daktari kabla ya kuongeza protini.

Usingizi nao. Dereva, najua kazi yako ni ya usiku, hapo sina jibu zuri la kukupa. Lakini pazia zito na kuzima simu mchana, anza na hivyo.

Dereva_wa_Usiku

Nimekuelewa kaka. Nilienda kupimwa Jumanne, kama dada fizio alivyosema. Nyundo, visigino, kila kitu. Wameniambia mishipa iko sawa. Nimefanya kiti mara 4 leo asubuhi kabla ya kulala. Sikuwa najua kama naogopa kiti.

Mpanda_Ngazi

Umenigusa ndugu yangu. Mara 4 ni nyingi.

Mpanda_Ngazi (wiki kadhaa baadaye)

Narudi na habari, leo ni wiki ya 20. Nilienda kwa yule yule fundi cherehani. Kulia 46.5, kushoto 49. Bado kuna tofauti, na pengine itabaki kwa muda mrefu. Wa kushoto nao umeongezeka, sikutarajia. Kiuno kiliuma wiki iliyopita siku mbili, siku ya tatu nikasahau kukiuliza.

Juzi niliteremka kwenye matatu Outering, mvua inanyesha, boda wakaniita kama kawaida maana wananijua ni mteja. Nikapanda daraja. Kupanda haikuwa shida. Kushuka ndiko nilikokuwa nakuogopa, nikashuka bila kushika chuma, goti likatetemeka kwenye vidato vitatu vya mwisho tu. Nilisimama chini pale nimelowa, mama mmoja anayeuza mahindi akaniuliza kama niko sawa. Nikamwambia niko sawa sana, nikanunua mahindi mawili.

Kesho ni Jumatano, siku ya mtungi. Mama_Wawili, tuambie mama amefika mara ngapi.

Mama_Wawili

Amefika 7. Leo alikataa nisimame kando yake, akasema namzibia mwanga.